Ramani ya Maji ya Darasa la Sita

Mwalimu Eustakia alikuwa mtu wa wasiwasi tangu zamani, hata kabla ya vita na Uganda. Akifunga mlango wa nyumba yake alirudi kuusukuma aone kama umefunga kweli. Akiandika ubaoni aligeuka kila mara kutazama nyuso za watoto, si kwa sababu ya kelele zao, bali kwa sababu kimya chao kilimtisha. Kimya hicho alikijua. Watoto wa Bugarama waliota, waligombana na walilia kwa Kihangaza. Kiswahili walikivaa asubuhi pamoja na sare ya shule, wakakivua saa ya kurudi nyumbani. Mtoto angeweza kuitikia "Ndiyo, mwalimu" mwaka mzima na asijue anaitikia nini.

Kwa hiyo alikuwa na namna yake ya kufundisha, ambayo walimu wenzake waliiona kuwa ni kupoteza wakati. Mtoto akitunga shairi, au akileta habari aliyoichunguza mwenyewe, Eustakia hakumwacha aisome haraka haraka na kwenda kukaa. Alimsimamisha mbele, akamwita mtoto wa darasa la pili aje asikilize, kisha akamwuliza yule mdogo, "Haya, amekwambia nini?" Mdogo akikosa la kusema, mkubwa alianza upya.

"Usiniambie 'leo nitawaelezeni'," alikuwa akisema. "Anza na kitu ulichokiona kwa macho yako. Halafu sema umejuaje. Na mtu akikuuliza swali, mjibu alichouliza, si kile ulichokariri."

Mwaka 1978 darasa la sita walileta swali lao wenyewe. Kijiji chao kilikuwa kipya. Miaka michache nyuma watu walikuwa wameteremshwa kutoka kwenye migomba yao ya milimani, wakapangwa kwa mistari kando ya barabara ili wawe kijiji cha ujamaa, na tangu hapo, kila mvua zikianza, watoto waliugua matumbo. Kwa nini? Huko juu hawakuugua hivyo. Msichana mmoja aitwaye Zita, mrefu, mkimya, mwenye ulimi usiotofautisha r na l, ndiye aliyeuliza kwanza, kwa sababu mdogo wake alikuwa amefariki kwa ugonjwa huo.

Eustakia aliwaambia waende wakatafute. Walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza watu wanachota maji wapi na nani ameugua tangu mvua zianze. Kisha Novatus, kijana aliyejua kuchora kuliko wote, alibandika pamoja mifuko mitupu ya saruji kwa uji wa muhogo, na juu yake wakachora kijiji chote: barabara, mistari ya nyumba, chemchemi mbili, mto Ruvubu kule chini, na njia za kwendea maji. Kila nyumba yenye mgonjwa waliitia doa la udongo mwekundu. Zita naye alitunga ngonjera, chemchemi ikibishana na mtu anayekuja kuchota. Vyote vingeonyeshwa mbele ya wanakijiji siku ya sikukuu ya Uhuru, mwezi wa Desemba.

Mwisho wa Oktoba redio ikatangaza kwamba majeshi ya Uganda yamevuka mpaka na kuingia kaskazini mwa mkoa. Mume wa Eustakia, Bernardo, alikuwa dereva wa lori la ushirika. Lori lile lilichukuliwa kupeleka askari na chakula, na Bernardo akaenda nalo. Aliaga akiwa ameshakaa kwenye usukani, injini inanguruma, na Eustakia hakusikia maneno yake ya mwisho. Tangu siku hiyo hakupata habari zake. Vita vilikuwa mbali na Bugarama, lakini hofu ilifika. Watu waliambiwa wawe macho na wawaangalie wageni. Walianza kuangaliana hata wasio wageni.

Asubuhi moja ya Novemba kamanda wa mgambo, Ndassa, aliingia darasani bila kubisha hodi. Alikuwa Msukuma kutoka upande wa Biharamulo, aliyewahi kuwa askari, ameoa hapo kijijini na kujenga katika mstari wa juu. Alitafuta chumba cha kuhifadhia mahindi na maharage waliyochanga watu kwa ajili ya askari. Alitupa macho ukutani, akaiona ramani, akasimama.

"Nani amechora hii?"

"Wanafunzi wa darasa la sita, Ndugu Kamanda."

"Wanafunzi." Alisogea karibu, akafuata mistari kwa ncha ya fimbo yake. "Hii ni barabara. Huu ni mto, na ng'ambo ya mto ni nchi nyingine. Njia hizi zinashuka huko huko. Na haya madoa mekundu juu ya nyumba za watu ni ya nini?"

Eustakia alifungua kinywa. "Hiyo ni... kwa kufuata siasa ya elimu ya kujitegemea, wanafunzi walielekezwa kwamba katika mazingira yao..."

Alijisikia mwenyewe anavyozunguka. Maneno yalikuwa mengi na hayakusema kitu. Ndassa hakungoja yaishe. Aliibandua ramani, akaikunja na kuitia kwapani.

"Kesho asubuhi utaeleza ofisi ya kata," alisema, akatoka.

Siku ile Eustakia hakuweza kula. Jamaa za mama yake waliishi ng'ambo ya Ruvubu, kama ilivyokuwa kwa nusu ya watu wa Bugarama, na kabla ya vita alikuwa akienda kuwasalimia bila mtu kuuliza. Sasa aliwaza kila mara aliyovuka, nani alimwona, na nani angeweza kulisema. Sokoni ilivuma kwamba mtu mmoja alikamatwa huko Kibimba kwa kuuliza njia tu. Alikwenda kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Ildefonce, akitumaini angalau neno moja la kumpa moyo.

"Mimi sikukutuma uchore ramani," alisema Ildefonce, bila kumtazama usoni. "Nilidhani ni ngonjera tu. Ukiulizwa, sema hivyo hivyo, kwamba mimi nilijua ngonjera tu."

Njiani alikutana na Novatus, ambaye alikuwa akimngojea. "Mwalimu, mto niliuchora mimi. Watamkamata baba?"

"Hapana," alisema Eustakia. Sauti yake ilitoka nyembamba mno hata mtoto hakumwamini.

Kesho yake asubuhi ofisini kulikuwa na watu watatu: Ndassa, Mwalimu Ildefonce, na katibu kata, Mzee Hatibu, mtu wa makamo wa ukoo wa wafanyabiashara wa mjini Biharamulo, ambao babu zao walitoka pwani. Kiswahili chake kilinyooka na kuteleza, na watu wengi walijisikia washamba mbele yake. Ramani ilikuwa imetandazwa mezani, imezuiwa kwa mawe pembeni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Eleza."

Alianza. Alitaja elimu ya kujitegemea, akataja mazingira, akarudi nyuma kusema mwaka huu darasa la sita lina wanafunzi wa namna gani. Aliona uso wa Hatibu unafunga polepole. Kila alichokuwa akiwakataza watoto alikuwa anakifanya. Alijaribu kuanza na chemchemi, lakini Ndassa akauliza, "Nani alikuagiza?" na mawazo yote yakatawanyika.

Kisha likamtoka jambo ambalo baadaye alijilaumu kwalo kwa muda mrefu, kwa maana hakujua kama lilikuwa ujasiri au ni kujificha nyuma ya watoto.

"Waiteni waliochora," alisema. "Mimi nitatoka nje, msije mkasema nawakonyeza. Waulizeni lolote."

Hatibu alimtazama, akatikisa kichwa kukubali.

Kwa hiyo Eustakia alisimama chini ya dirisha la ofisi, mgongo ukutani. Aliwaona Novatus na Zita wakipita mbele yake, na hakuthubutu hata kuwaambia wasiogope. Walikuwa watoto. Neno moja likikosewa mle ndani, si yeye peke yake angelilipa. Wazazi wao pia walikuwa na ndugu ng'ambo.

Alimsikia Novatus. "Wageni waheshimiwa, leo tumesimama mbele yenu..."

Eustakia alifumba macho.

"Acha hayo," ilisema sauti ya Ndassa. "Haya mekundu ni nini?"

Novatus alikuwa ameishiwa maneno. Kimya kikarefuka, Eustakia akahesabu pumzi zake, na aliposhindwa kuvumilia akageuka aingie aseme liwalo na liwe. Hapo ndipo aliposikia sauti ya Zita.

"Mdogo wangu aliharisha, akafa. Hii ndiyo nyumba yetu. Tukaitia nyekundu. Tukaenda nyumba ya pili tukauliza, 'Hapa kuna aliyeharisha?' Wakisema yuko, tunatia nyekundu. Wakisema hayuko, tunaiacha."

"Na njia hizi za mtoni?"

"Hazifiki mtoni. Angaria. Hii inaishia kwenye chemchemi ya chini, na hii inaishia kwenye chemchemi ya mkuyuni. Mto tuliuchora ili mtu ajue chini ni wapi." Alikuwa anasema *angaria* na *arama* vile vile alivyozoea, na hakuna aliyecheka. "Sasa fuata arama nyekundu. Karibu zote ni za watu wa chemchemi ya chini. Wa mkuyuni hawaugui."

"Kwa hiyo?" Hiyo ilikuwa sauti ya Hatibu.

"Tukaenda kutazama. Juu ya chemchemi ya chini kuna mstari wa nyumba, na nyuma ya nyumba kuna vyoo. Mvua ikinyesha, maji yanapita vyooni yanashuka kwenye chemchemi. Tuliyafuata siku ya mvua, mimi na huyu. Tuliyaona."

Fimbo iligonga meza. "Hata nyumba yangu mmeitia doa," alisema Ndassa. "Nani aliwaambia habari za nyumbani kwangu?"

Zita akajibu. "Mama wa nyumba. Alisema mtoto wenu mdogo aliharisha hadi akapelekwa zahanati. Alituuliza kama tunajua dawa. Tukasema hatujui, bado tunatafuta."

Nje, Eustakia aligundua kwamba alikuwa ameuma kidole chake mpaka kikatoka damu. Alipoitwa ndani, Ndassa alikuwa amekaa, hatazami ramani tena, anatazama sakafu.

"Habari ya upelelezi imekwisha," alisema Hatibu. "Watoto nendeni shuleni." Walipotoka, alishusha sauti. "Lakini mwalimu, umeniletea jambo jingine. Ile mistari ya nyumba na vile vyoo, unajua nani alipanga?"

Eustakia alijua. Wakati wa kuhamia, Hatibu mwenyewe ndiye aliyepita na kamba na vigingi, akionyesha kila mtu achimbe wapi, kwa maana aliharakishwa na wakubwa wake wa wilaya.

"Watu wametoa vijana wao na mahindi yao kwa vita," aliendelea Hatibu. "Sitaki siku ya Uhuru waambiwe kwamba kijiji chao kimekosewa. Ngonjera waitoe. Waseme watu wachemshe maji. Habari ya vyoo waiache. Na ramani hii itakwenda wilayani, hairudi."

"Ndiyo, mzee," alisema Eustakia.

Alikwenda shuleni bila kukamatwa, na ingepasa afurahi, lakini hakufurahi. Aliwaita Zita na Novatus wapunguze ngonjera. Walikata ubeti wa vyoo. Likabaki pengo: chemchemi inalia kwamba imechafuliwa, mtu anaomba radhi, na hakuna ajuaye ni kwa kosa gani. Walimwita mtoto wa darasa la pili kama kawaida. Alisikiliza hadi mwisho.

"Amekwambia nini?" aliuliza Eustakia.

"Chemchemi imekasirika," alisema mtoto.

"Kwa nini?"

"Sijui."

Zita alimgeukia mwalimu wake. "Nisemeje sasa?"

Eustakia alisema, "Sema tulivyopatana," akaondoka darasani haraka, kwa sababu hakupenda watoto waone uso wake.

Siku ya Uhuru uwanja wa shule ulijaa. Ilikuwa imenyesha alfajiri na watu walisimama kwenye matope, wanawake wamefunika vichwa kwa khanga, mgambo wamepangwa mbele na Ndassa. Hatibu alitoa hotuba juu ya vita, watu wakapiga makofi. Kisha ngonjera ikaanza. Novatus alikuwa mtu mwenye ndoo, Zita alikuwa chemchemi.

*Nilikuwa mweupe wewe ulipokuja,
Ukaninywa ukashiba, mtoto akanenepa;
Leo waja na ndoo, waniona mchafu,
Wanitukana mimi, hujitazami wewe.*

Walisema sawasawa, hawakuruka hata neno moja la yale waliyopatana. Walimaliza kwa kuwaomba watu wachemshe maji. Makofi yalipigwa. Eustakia alishusha pumzi. Alikuwa anageuka kuwapanga watoto wa wimbo uliofuata, ndipo bibi mmoja mzee, Clotilda, aliposimama kutoka kwenye kundi la wanawake. Hakujua Kiswahili cha kutosha, au hakutaka kukijaribu mbele ya katibu. Aliuliza kwa Kihangaza, kwa sauti iliyofika nyuma kabisa: kuni za kuchemsha kila siku azitoe wapi, yeye aliye peke yake? Na mbona huko juu mlimani maji yalikuwa safi bila kuchemshwa? Kitu gani kinaichafua hii ya chini?

Zita alimtafuta mwalimu wake kwa macho. Eustakia alimwona. Angeweza kutikisa kichwa kidogo tu kumkataza, na msichana angeelewa. Alimtazama Hatibu, ambaye tabasamu lake lilikuwa limekauka. Akamfikiria Bernardo huko alikokuwa, na kwamba akirudi huenda akakuta nyumba imefungwa na mke amepelekwa asikojua. Hakutikisa kichwa. Hakufanya lolote.

Zita alimjibu bibi alichouliza. Alijibu kwa Kihangaza, kisha akarudia kwa Kiswahili kwa ajili ya wageni. Hakuwa na ramani, kwa hiyo alionyesha kwa mkono: nyumba zile pale, vyoo nyuma yake, maji yanapita hapa, chemchemi ile kule. Vichwa vya watu wote viligeuka kufuata mkono wake, na kwa kuwa ilikuwa imenyesha asubuhi ile ile, waliweza kuona mfereji mwekundu wa maji ukishuka kutoka nyuma ya mstari wa juu, moja kwa moja. Minong'ono ikaanza, ikapanda.

Ndassa ndiye aliyeongea kwanza. Hakupanda jukwaani. "Changu nitakifukia mimi kesho," alisema.

Hatibu alikuwa mtu mwenye akili. Alisimama, akangoja minong'ono itulie, akatangaza kwamba kamati ilikuwa tayari inalifikiria jambo hilo, na kwamba vyoo vyote vya mstari wa juu vitahamishiwa upande wa pili wa barabara kwa nguvu za wote. Alisema vizuri, watu wakampigia makofi. Alipopita karibu na Eustakia hakumsemesha.

Vyoo vingi vilihamishwa kabla ya Krismasi. Vingine havikuhamishwa, wenyewe walisema wamechoka kuhamahama. Wagonjwa walipungua, hawakuisha. Januari ilipofika, Eustakia alipata uhamisho wa kwenda shule moja ya Biharamulo, mbali na kwao, bila kuelezwa sababu. Mwalimu Ildefonce alimsaidia kufunga mizigo, akasema alikuwa anajua tangu mwanzo kwamba watoto wale watafika mbali. Eustakia alimshukuru, kwa kuwa alikosa nguvu ya kufanya lingine. Ndassa alikwenda vitani na kikosi cha mgambo mwezi ule ule. Hakurudi.

Bernardo alirudi katikati ya mwaka, vita vilipokwisha, amekonda, anachechemea, na lori lilibaki huko huko. Alimkuta mkewe katika nyumba ya shule asiyoifahamu, kati ya watu wasemao Kisubi. Kutoka Bugarama zilikuja habari kwamba Novatus amechaguliwa kwenda sekondari. Zita hakuchaguliwa, alibaki kijijini, na baadaye akapewa darasa la kisomo cha watu wazima, ambako wanawake walipenda kwenda.

Bernardo alipopata nguvu alimwuliza mkewe kama bado anawatuma watoto wakachunguze mambo. Eustakia alisema mwaka huu atawapa kitu chepesi, labda kuku, kuku hawamkasirishi mtu. Lakini Jumatatu alipoingia darasani na kuwauliza wanafunzi wake wapya wangependa kujua nini, msichana mmoja wa nyuma alisimama, akahangaika na Kiswahili chake, akasema wangependa kujua kwa nini duka la kijiji halina chumvi wala sabuni, na vikija vinakwenda wapi.

Eustakia alitazama mlango, akatazama dirisha. Kisha akachukua chaki.

"Haya," alisema. "Mtaanza kwa kumwuliza nani?"